Majani Nyuma ya Gari la Naima

Mtaa wa Mkwajuni,
Nyumba ya tatu kutoka kisimani,
LINDI.
Jumapili, 12 Novemba 2023

Mpendwa mpwa wangu Naima,

Asalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh. Marahaba, mwanangu. Najua ukiuona tu mwandiko wangu umekwishatamka shikamoo hata bahasha hujaifungua, kwa hiyo naitikia kabisa tusipoteze muda.

Kwanza ujue anayekuandikia si yule mjomba Dadi uliyemwacha mwaka juzi anaota jua barazani. Mambo yamegeuka. Hivi sasa hapa Lindi mjini hakuna gurudumu linalosimama pembeni ya njia bila mimi kuwa na habari, na likisimama bila ruhusa halilali. Madereva wa malori wakishuka na korosho kutoka Ruangwa na Nachingwea, wakifika njia panda huuliza kwanza, "Mzee Dadi yuko upande gani leo?" ndipo wakate kona. Manispaa wana ofisi, wana mihuri, wana viti vya kuzunguka, lakini msongamano uliwashinda mpaka wakaja kwangu. Mimi sikuomba. Heshima nyingine humfuata mtu kama inzi.

Habari za huko Dodoma? Mume wako Hussen hajambo? Na wajukuu zangu, vile vikohozi vya vumbi vimepungua? Wapakeni mafuta ya nazi puani asubuhi na jioni, yale niliyokupa kwenye dumu la njano, usiyamalize kwenye nywele. Na wewe mwenyewe unalala vizuri? Kazi ya kuuguza watu humla muuguzi kwanza. Kula, mwanangu.

Sisi huku tunashukuru. Mvua zimeanza mapema na zina fujo, mtaro wa mbele ya nyumba umejaa mara mbili. Mama yako hajambo kidogo. Nasema kidogo kwa sababu nitarudi kwenye habari yake huko chini, usiruke mistari kwenda kuitafuta. Soma kwa taratibu.

Umeona nimeandika barua, na simu ninayo. Ni kwamba mama yako hukaa ubavuni kwangu kutwa nzima, na sikio lake unalijua, linasikia mpaka chumvi ikiyeyuka. Barua hii nampa Erasmo, yule mwalimu jirani yetu, anapanda basi kesho alfajiri kuja huko kwenye semina yao. Keshokutwa Jumanne unayo mkononi. Ukiipata, isome peke yako kwanza.

Sasa hali ya mji. Naima, Lindi hii huijui tena. Msimu wa korosho ukifungua, malori yanapanga foleni kutoka kwenye maghala mpaka karibu na soko, na wale wenye haraka wanachepuka kupitia mtaani kwetu. Mtaa wenyewe ulipimwa zamani za punda. Halafu kila aliyeuza korosho zake vizuri mwaka jana kanunua gari. Mtu hana choo cha maana ana Noah! Na akishanunua hana pa kuliweka, analitupa njiani kama kanda mbili mlangoni. Guta la maji halipiti, gari la taka halipiti, bajaji zinabebwa na watu. Juzi mbuzi wa Bi Monika kakwama katikati ya pikapu mbili akakaa pale mpaka wenye pikapu walipotoka kula.

Ndipo mwenyekiti wetu wa mtaa, mama Getrude, akaitisha mkutano mwezi wa tisa. Watu walikuwa wananong'ona tu. Mimi nikasimama. Nikasema magari yaliyotelekezwa njiani yaandikwe namba, wenyewe wapewe siku saba, na baada ya hapo breki dauni ya manispaa ije iyavute yakae yadi. Mtu akauliza nyuma kule, "Hata likiwa la mkubwa?" Nikasema, "Hata likiwa la nani!" Naima, makofi yaliyopigwa siku ile yalisikika Mchinga. Palepale nikachaguliwa kuongoza kamati ya magari ya mtaa. Nikapewa daftari, kalamu na chaki.

Wiki ya kwanza niliondoa magari tisa kwa macho tu. Kuna trela moja lilitaka kuegesha mbele ya msikiti saa ya swala. Nikaliwekea kiganja kwenye bampa nikamwambia dereva, "Hapa hapana." Injini ikazima yenyewe. Watu wapo walioona, na wengine walishaondoka lakini walisimuliwa.

Haya. Sasa gari lako.

Ulipolileta ile Juni, yule dereva uliyemtuma alifika ana haraka, anawahi basi la kurudi. Akaliweka mbele ya nyumba yangu, magurudumu mawili juu ya slabu ya mtaro, mawili barabarani, akanikabidhi ufunguo akaondoka. Wewe uliniambia maneno haya, nayakumbuka kama sura ya Kurani: "Mjomba, gari hili ni la mama. Kila Alhamisi umpeleke kliniki ya mguu, asipande tena bodaboda. Wewe ndiye dereva wetu." Nami nikakujibu hujakosea mtu. Kwani wewe mtoto wa dada yangu, gari utampa nani kama si mjomba? Baba yako mwenyewe, Mungu amrehemu, angesema hivyo hivyo. Jioni ile nikakupigia nikakusikilizisha injini ilivyonguruma, ukacheka, ukasema, "Liko safi mjomba, sasa nitalala usingizi."

Gari ni zima, wala usishtuke. Halijakwaruzwa popote. Kioo nakipangusa kila siku. Kuku wa mama yako alitagia chini ya bampa la nyuma, akaangua vifaranga saba, mwewe hajachukua hata kimoja, hiyo nayo ni faida.

Ila liko palepale alipoliacha dereva wako.

Usiitupe barua. Endelea.

Mwezi wa saba majirani walianza kulalamika chini chini. Gari linabana njia, gari linabana njia. Mimi nikakumbuka sheria ya barabara kuu. Wewe maisha yako ni ya hospitali, pengine hukuitilia maanani. Lori likiharibika njiani, hakuna anayegombana nalo. Unakata matawi mabichi, unayalaza nyuma yake hatua kumi, hatua ishirini, anayekuja akiona majani anajua mbele kuna mgonjwa, anapunguza mwendo, anapita pembeni na pole anakupa. Basi nikatoka na panga, nikakata matawi ya mkorosho ule wa nyuma ya choo, nikayapanga mbele na nyuma ya gari lako. Aliyeuliza nikamwambia pampu ya mafuta imeleta shida kidogo jana, fundi yuko njiani.

Kesho yake majani yakanyauka. Gari lenye majani makavu linasema limekaa siku ngapi. Kwa hiyo nikawa nakata mapya kila nikitoka swala ya alfajiri. Kila siku, Naima, tangu mwezi wa saba. Gari likawa kila siku limeharibika jana. Ule mkorosho sasa umebaki kama mwavuli uliopeperushwa kitambaa.

Lakini majani njiani yana kazi mbili, na ya pili mimi niliisahau. Penye msiba napo huwekwa majani ili magari yapite polepole. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi mtu mmoja wa Mchinga alipita mtaani, akaona matawi mabichi mbele ya nyumba yetu, na kwa kuwa alijua mama yako anaumwa, akaona basi ndiye amefariki. Akarudi kwao na habari. Kesho yake saa nne shangazi zako wanne wakashuka na kanga vichwani, na mchele, na sufuria kubwa, wanalia tangu kona ya kisima: "Da Mboni jamani! Da Mboni umetuacha na nani!"

Mama yako yuko uani anapepeta mpunga. Akatoka na ungo wake mkononi.

"Nani kafa?" akauliza.

Shangazi yako mkubwa akaanguka chini kwelikweli. Tukammwagia maji. Na mtani wangu Ismael, yule fundi baiskeli, naye keshafika na watani wenzake wawili, maana kazi ya mtani kwenye msiba unaijua. Alipoona hakuna maiti unadhani aliondoka? Alilizunguka gari lako polepole, akachukua fito akaanza kulipima kwa urefu na upana.

"Haiwezekani watu wametoka Mchinga na sufuria halafu asizikwe mtu," akasema. "Tunazika hili. Mtani Dadi, wewe ndiye mfiwa, kaa kwenye jamvi. Marehemu aliumwa nini?"

"Pampu ya mafuta," nikasema.

"Tangu lini?"

"Jana."

"Jana ya mwaka gani?"

Watu wakacheka mpaka wale shangazi waliokuwa wanalia wakashika mbavu. Ismael akafunika boneti kwa shuka jeupe, akauliza nani mwenye kuujua mwili akaingie kuuosha. Akaninyooshea ufunguo aliouchomoa mfukoni mwangu. "Liamshe basi mtani, likitoa sauti tutaamini ni hai, twende zetu." Nikamwambia sifanyi mzaha na mali ya mtoto wa dada yangu. Mchele ukapikwa, watu wakala, wakaondoka. Mtani hakasirikiwi, unajua. Lakini usingizi ulianza kunipungua siku ile.

Sasa nakuambia lililonifanya nishike kalamu.

Fundi Mfaume, mshona makanzu aliyekuwa na cherehani yake kwenye kibaraza kinachotazamana nasi, alifariki tarehe ishirini na nane mwezi uliopita. Ndiye aliyekushonea sare ya darasa la kwanza, na akakurudishia vitambaa vilivyobaki ufanyie mdoli. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiuun. Wanawe wakakata matawi, wakayaweka barabarani kama desturi, wakatandika majamvi pale kona ya kisima ambako njia ni pana, wanaume wakakaa.

Hakuna aliyepunguza mwendo, Naima. Hata mmoja. Bodaboda zinapita mbio, bajaji zinapiga honi, lori moja la korosho likapita kwenye dimbwi likawamwagia maji ya tope wazee waliokuwa wanasoma Yasini. Mtoto wa Mfaume akalisimamisha, akamwuliza dereva, "Huoni majani?" Yule dereva wala hakuwa mtu mbaya. Alishuka kabisa, akashika kichwa, akasema, "Nisameheni wazee wangu. Nilijua ni yale majani ya Dadi."

Ya Dadi. Majani ya mji mzima yamekuwa ya Dadi. Watu wa mtaa wa pili walipita pale asubuhi wakaona matawi wakaenda zao sokoni, habari ya msiba wakaipata adhuhuri, wengine mazishi yaliwapita. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jamvi, kanzu yangu ina tope, na kila aliyekuja kunipa mkono niliona kama anautazama huo mkono.

Halafu jeneza. Likatoka ndani, likafika njiani, na kati ya gari lako na ukuta wa Mfaume ni pa kupita mtu mmoja tena kwa ubavu. Waliobeba wakasimama. Wakalinyanyua juu ya vichwa, wa upande huu wakalipokeza kwa wa upande ule, likapita juu ya paa la gari lako. Mimi nilikuwa mmoja wa waliopokea. Naapa, nililisikia lile jeneza zito kuliko watu kumi, na Mfaume mwenyewe unamjua, alikuwa mwembamba kama uzi wake.

Ismael alikuwapo. Mtani, na msiba wa kweli, ndiyo siku yake ya kunitukana mchana kweupe. Hakunitania hata kidogo. Alinitazama tu, akainama akaokota tawi moja, akaliweka pembeni. Hilo lilinichoma kuliko shuka lile jeupe.

Baada ya tanga kuondolewa, mama Getrude akanijia nyumbani. Unamjua ni mtu wa Ndanda, mpole, hapandishi sauti. Akaomba daftari langu la kamati. Akahesabu kwa kidole.

"Mzee Dadi, hapa kuna magari kumi na manne."

"Ndiyo mama mwenyekiti. Yote nimeyaandika kwa mkono wangu."

"La kumi na tano liko wapi?"

Nikamwuliza lipi. Aligeuza shingo tu kuangalia dirishani, na dirishani, Naima, hakuna kitu kingine cha kuangalia. Akachukua kalamu yangu akaandika namba ya gari lako yeye mwenyewe. Akasema, "Ulisema hata likiwa la nani. Mimi nilipiga makofi." Akaninyooshea daftari nisaini, nikasaini. Breki dauni inakuja Ijumaa hii tarehe kumi na saba, baada ya swala. Likishavutwa, kulitoa yadi ni barua na mihuri na mwenye kadi afike mwenyewe. Wewe uko Dodoma.

Na Jumatatu tarehe ishirini mama yako ana rufaa ya hospitali ya Ndanda.

Hapa ndipo nilipokuambia nitarudi. Mwanangu, mguu wa mama yako haujambo kwa maneno tu. Kila Alhamisi unapompigia, anakuambia tumekwenda kliniki na gari, na kwamba mjomba anaendesha taratibu kama kabeba mayai. Hatukwenda na gari. Anapanda bodaboda ya Nurdin, mimi natangulia kwa miguu nampokea mlangoni. Alhamisi iliyopita alipofika na kutaka kushuka, nyonga ikakataa. Mguu mmoja uko huku, mwingine hauji. Akabaki pale juu kamkaba Nurdin shingo, jasho linamtoka, mpaka tukamteremsha wanaume watatu kama gunia la mbaazi. Daktari alipompima ndipo akaandika hiyo rufaa, akasema safari hii aende ameketi vizuri kwenye gari, asitikiswe na asikose.

Tunarudi, mama yako akaniambia, "Usimwambie Naima. Mwambie tumerudi na gari."

Nikamwuliza, "Dada, kwa nini unanifichia?"

Akasema, "Dadi, mimi nimekubeba mgongoni. Nakijua unachokijua na usichokijua. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, sasa nyonga yangu imechoka kungoja."

Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Nikilala naisikia breki dauni inakuja, nikiamka naona mguu wa dada yangu. Juzi nimeingia ndani ya lile gari, nikafunga vioo, nikakaa nalitazama. Kuna kile kijiti chenye herufi P na R na N na D. Nikazungusha ufunguo, likatoa sauti kama mtu anayekohoa na mdomo umefumbwa, kisha kimya. Betri imekufa. Nilikuwa nasikiliza taarifa ya habari humo, na honi nilikuwa napiga kidogo watu wakipita, kuonyesha lina mwenyewe. Nikajaribu kulisukuma peke yangu kwa bega. Halikutikisika, na bega hadi leo linauma.

Basi ombi langu ni hili. Ukimaliza kusoma, mpigie Eusebio, yule dereva wa gari dogo la Mchinga, anakaa nyumba ya sita kutoka kwetu. Mwambie wewe mwenye gari umeamua, kwa mawazo yako mwenyewe, kwamba aje Alhamisi na betri, aliwashe, alitoe pale, alipeleke kwenye uwanja wa mashine ya kusaga ambako nimekwishaomba nafasi. Na Jumatatu alfajiri ampeleke mama yako Ndanda. Mimi nitakaa mbele na faili. Mwambie ni amri yako. Usimwambie nimeomba mimi.

Utajiuliza kwa nini nisimwite mwenyewe, na nyumba yake naiona nikisimama. Nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilifika mlangoni nikaomba maji ya kunywa. Mara ya pili akaniwahi yeye, "Mjomba, nisimulie tena ile ya Kitomanga," na watoto wake wakakaa chini kunisikiliza. Nikaisimulia.

Unaikumbuka ile ya Kitomanga. Nimekusimulia tangu huna meno. Nilivyoshuka mteremko na lori la chumvi lisilo na breki, usukani mkono mmoja, mkono wa pili nakula muhogo. Naima, usukani aliushika marehemu Sebastiani. Mimi nilikuwa utingo wake. Miaka sita nimekaa juu ya mizigo, kazi yangu kuweka gogo nyuma ya gurudumu tukipanda mlima, na kukata majani tukiharibikiwa. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua, ndiyo maana niliifanya vizuri mno. Siku ile ya Kitomanga cha kweli ni muhogo tu.

Gari sijui kuendesha. Sijawahi kuendesha, wala la Sebastiani wala lako. Ulipolileta nilikuwa na neno moja tu la kukuambia, na pale uliponiita dereva wetu likaniwia zito. Nikasema nitajifunza kimya kimya. Nikaona majani ni rahisi zaidi.

Ukiniona sifai kuwekewa siri, mwambie Eusebio ukweli wote, sitakulaumu. Ila mpigie. Hata usiponijibu mimi, mpigie yeye kabla ya Alhamisi. Leo asubuhi sikukata matawi. Nimeyafagia yote, hadi yale makavu ya chini ya gari, na mchana nitakwenda kwa watoto wa Mfaume kuwaomba radhi. Ismael amesema atanisindikiza, maana peke yangu anadhani nitaishia kuomba maji.

Nisalimie Hussen, mwambie namdai mchezo wa bao. Wabusu wajukuu wote. Shangazi zako wa Mchinga wanakusalimu, mkubwa keshapata nafuu ya ule mshtuko ila sufuria anasema ililiwa na masizi. Bi Monika anakusalimu na mbuzi wake mzima. Mama yako anakusalimu kila siku bila kujua kwamba nakuandikia, nami nakuchukulia salamu zake bila ruhusa.

Mwenyezi Mungu akufungulie njia pana kila uendako, akupe uzao wa kheri, na mkono wako unaouguza watu usikose wa kuuguza wa kwako.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye tangu ulipokuwa wa kubebwa,

Dadi

Nilikwishaikunja karatasi nimeikunjua tena. Ule muungurumo wa injini niliokusikilizisha kwenye simu, ukacheka ukasema sasa utalala usingizi. Nilikuwa nimekaa ndani ya gari ni kweli, lakini ufunguo sikuugusa, niliogopa lisije likaondoka. Ulikuwa mdomo wangu.